Supu Nzito Isiyotiwa Unga

Waholanzi wana kipimo kimoja cha supu ya njegere, nacho ni kijiko. Kichomeke katikati ya bakuli, kisha kiachie. Kikisimama wima, supu imefika. Kikilala, irudishe jikoni. Wenyewe huiita erwtensoep, na wakiwa mezani kwao wengi huiita snert tu. Mgeni anayeiona mara ya kwanza hudhani imetiwa unga wa ngano au wanga wa mahindi. Haikutiwa kitu. Unene wote ule umetoka ndani ya njegere zenyewe, na kazi ya mpishi ilikuwa kuutoa bila kuuharibu. Kwa sababu hiyo naiheshimu supu hii hata kabla ya kuitia mdomoni: mkono wa mpishi haufanyi mengi, lakini kila kidogo unachofanya kina wakati wake, na wakati ukipita haurudi.

Mahitaji yake ni ya kawaida kabisa. Kwa watu 6 inatosha nusu kilo ya njegere kavu za kijani, zilizokobolewa na kupasuliwa, kwa maji lita 2 na nusu hivi. Kuna nyama ya nguruwe yenye mfupa, na wanaojua huongeza kwato. Kuna liki, karoti, kitunguu, kiazi kimoja au viwili, tunguu la seleri na majani yake, na soseji nene ya moshi inayoitwa rookworst. Chumvi, pilipili manga, basi. Hakuna bizari, hakuna tangawizi, hakuna kitunguu saumu.

Njegere ikikaukia shambani huwa punje ngumu iliyofungwa ndani ya ganda. Ganda likikobolewa, nusu mbili za punje hazina tena cha kuzishika pamoja, zinaachana. Ndiyo maana njegere ya supu ina upande mmoja wa mviringo na mwingine bapa, na upande huo bapa ndio mlango wa maji. Njegere nzima yenye ganda inataka kulala ndani ya maji usiku kucha. Hii haina haja; iliyochambuliwa saa nne asubuhi inaweza kuwa mezani saa saba mchana.

Rangi yake nayo ina habari ndefu. Gregor Mendel alipopanda njegere katika bustani ya monasteri ya Brno kati ya 1856 na 1863, moja ya sifa saba alizozifuatilia ni hii: punje ya kijani au ya njano. Aliona kijani kikijificha kizazi kimoja na kujitokeza tena katika kinachofuata, punje moja kwa kila nne. Leo tunajua kwamba punje ya njano imevunja klorofili yake ilipokuwa inakomaa, na ya kijani imeshindwa kufanya hivyo kwa hitilafu katika jeni moja. Bakuli la Mholanzi ni la kijani na la Mswidi ni la njano kwa sababu ya jeni hiyo moja. Hata hivyo kijani cha punje hakifiki mezani kilivyo. Moto wa muda mrefu hung'oa magnesiamu iliyo katikati ya klorofili, na rangi inageuka kuwa ya zeituni, ya kutulia. Supu ya njegere kavu inayong'aa kijani kibichi ama haijapikwa ikaiva, ama imetiwa kitu.

Kabla ya moto kuna kuchambua. Zimwage kwenye ungo au sinia pana, uzitandaze kwa kiganja, uzipitie polepole. Unatafuta vijiwe, punje zilizotobolewa na wadudu, na zaidi ya yote unatafuta dalili za uzee. Njegere kavu ikihifadhiwa pakavu haiozi, lakini huzeeka. Ikikaa muda mrefu penye joto na unyevu, fitati zilizo ndani yake huvunjika na kuachia kalsiamu na magnesiamu zilizokuwa zimezishika. Madini hayo huhamia kwenye gundi inayounganisha seli, na gundi ikishashikwa nayo haiyeyuki tena kwa maji ya moto kirahisi. Mpishi wa Tanga au Mombasa aliyewahi kuchemsha maharage tangu asubuhi, na adhuhuri yakawa bado yanagongana sufuriani, huenda alikutana na jambo hilo hilo bila kosa lolote la mkono wake. Kwa hiyo nunua kwenye duka ambalo mzigo wake hautulii rafuni, na ukiona rangi imefifia kuelekea kijivu, ziache.

Nyama na njegere huanza pamoja kwenye maji baridi, katika sufuria nzito yenye tako nene. Yakianza kuchemka hupanda povu la kijivu, tena kwa kasi. Ni protini pamoja na saponini zilizomo ndani ya njegere, na mpishi akienda hata kupokea simu, povu litafurika na kuzima jiko. Hizi dakika 10 za mwanzo ni za kusimama hapo hapo. Anaengua kwa upawa, anapunguza moto, anaengua tena, mpaka kinachopanda ni mapovu meupe machache yanayopasuka yenyewe. Moto unashushwa hadi sufuria itokote kwa utulivu, na mfuniko unawekwa upande ili mvuke upate pa kutokea.

Kisha kinakuja kipindi ambacho kwa macho hakuna kinachofanyika, na ndicho ninachopenda kukitazama kuliko vyote. Mwanzoni, ukitoa punje na kuibana kwa vidole inateleza. Katikati bado ni ngumu. Baadaye kingo zinaanza kuchakaa. Iweke punje moja kwenye kijiko, uisogeze dirishani: ule ukingo uliokuwa mkali sasa una nyuzinyuzi ndogo, na maji yaliyoizunguka yana ukungu. Punje ya jirani yake imeshavunjika vipande viwili. Nyingine ni umbo tu, ukiigusa inasambaa. Zote ziko sufuria moja, zimeingia majini wakati mmoja, na bado kila moja inaiva kwa saa yake.

Ndani ya punje seli zimebanana, kila moja imejaa chembe za wanga na protini, na kati ya seli na seli ndipo ilipo ile gundi, yaani pektini. Maji ya moto huiyeyusha kidogo kidogo. Seli zinaachana, zinavimba, zinaelea kila moja peke yake. Baadhi zinapasuka na kumwaga wanga wake kwenye maji. Seli nzima zilizovimba pamoja na wanga uliomwagika ndio unene wa snert. Ulimi unausikia vizuri: ni mlaini, lakini una chembechembe, unapita kooni bila kunata.

Ndiyo sababu siikubali mashine ya kusaga katika supu hii, hata ile ya kushika mkononi ambayo watu wengi huiingiza sufuriani dakika za mwisho. Visu vyake havichagui. Hupasua seli ambazo moto ulikuwa umeziachanisha kwa upole, wanga unatoka wote, na kinachobaki ni kitu cha kunata, sawasawa kuanzia juu hadi chini. Umeokoa nusu saa, umepoteza ule ulaini wenye chembe ambao ulikuwa shabaha ya kazi yote. Unga wa ngano ndio kabisa. Huufunika hata utamu mdogo wa njegere.

Wako watakaofikiria magadi. Jikoni kwetu magadi yamelainisha maharage na makande kwa muda mrefu, na kazi yake ni ya kweli: pektini huvunjika upesi zaidi katika maji ya magadi. Lakini njegere iliyokobolewa haina ganda la kupambana nalo. Magadi yataiachia ladha ya sabuni, yataipunguzia vitamini B1, na yataibakizia kile kijani cha uongo nilichokitaja. Pengine yatafaa, tena ncha ya kijiko tu, pale ambapo maji ya kisima yana chokaa nyingi. Nyanya, ndimu na siki hufanya kinyume chake: asidi huikaza pektini, na ukizitia mapema, punje zitabaki nzima saa baada ya saa huku kuni zinaisha. Kila kitu kichachu katika mlo huu kinasubiri hadi supu imeshapakuliwa.

Saa moja ikipita, sufuria hubadilika tabia, na mpishi naye lazima abadilike. Supu nyepesi hujikoroga yenyewe, kwa kuwa maji ya chini yakipata moto hupanda na ya juu hushuka kuchukua nafasi. Ikishakuwa nzito, mzunguko huo unakufa. Kilicho chini kinabaki chini, juu ya chuma chenye moto, na wanga wa njegere ukikaa hapo unashika. Juu, supu inaanza kupumua kwa mapovu makubwa ya uvivu na kurusha matone ya moto mikononi kama uji wa ulezi. Yule aliyekuwa akiitazama tu sasa anaambiwa asiiache.

Chombo chake ni mwiko wa mbao wenye ncha bapa. Upite chini kabisa, uzunguke pembeni ambako tako la sufuria linakutana na ukuta wake, kila baada ya dakika chache, tena mara kwa mara zaidi kadiri unene unavyokua. Mwiko hujua kabla ya pua. Chini kukiwa safi unateleza. Kukianza kushika, kiganja kinasikia mkwaruzo mdogo, mahali pamoja tu, na harufu bado haijatoka. Mpishi mzoefu akiusikia huo mkwaruzo hupunguza moto, huongeza maji ya moto kikombe kimoja, na kukoroga bila kukandamiza. Aliyechelewa ana njia moja tu: kuzima moto, kutokwangua kabisa, kumimina supu ya juu kwenye sufuria nyingine na kuliacha lile tabaka lililoungua palepale lilipo. Mkwanguo mmoja wa mwiko unatosha kuipa sufuria nzima ladha ya moshi mchungu, na hakuna kiungo cha kuiondoa.

Mboga huingia njegere zikishakuwa karibu kuvunjika zote, zikiwa zimebaki dakika 30 au 40. Tunguu la seleri halina sura ya kuvutia. Ni la kahawia, lina mizizi ya kujisokota iliyoshika udongo, na lazima limenywe kwa kisu kinene mpaka weupe utokee. Ila likitoka ndani ya supu hii, supu nzima inapwaya. Harufu yake ndiyo inayoubeba uzito wa nyama na njegere. Liki hupasuliwa kwa urefu na kuoshwa tabaka kwa tabaka, maana hukua huku udongo ukirundikwa kuizunguka, na mchanga hujificha ndani. Karoti hukatwa vipande vidogo. Kiazi kinaruhusiwa, lakini sikipendi kikizidi. Kinaongeza unene wake mwenyewe, na unene wake hauna chembe.

Hakuna kinachokaangwa. Kwa mpishi wa kwetu, ambaye chakula huanza kwa mafuta na kitunguu kinachogeuka rangi, jambo hili huonekana ni upungufu. Nimelifikiria sana, na naona Waholanzi wamefanya sawa. Kitunguu cha kukaanga kina sauti kubwa, na snert imejengwa kwa sauti za chini: utamu wa njegere, mfupa, jani la seleri. Moshi wa soseji ndio pekee unaosikika wazi, nao umewekwa mwishoni ili usiizibe mingine.

Nyama hutolewa ikiwa inaachana na mfupa, huchambuliwa kwa vidole, hukatwa na kurudishwa. Soseji ya dukani huwa imeshaiva. Inalazwa juu ya supu dakika 15 za mwisho, moto ukiwa mdogo kabisa, kwa maana ikichemka ngozi itapasuka na mafuta kumwagika. Chumvi huonjwa baada ya hapo, kwa kuwa soseji imekuja na yake. Majani ya seleri hukatwakatwa na kutupiwa juu.

Na bado haijawa tayari. Waholanzi wengi watakwambia kwamba snert ya leo huliwa kesho, na sisi tunaoamka na kiporo cha maharage hatuhitaji kushawishiwa. Wanga wa njegere una amilosi nyingi kuliko wanga wa viazi, na amilosi inapopoa hujipanga upya na kushikana. Kwato nayo imeshatoa gelatini yake, ambayo huganda vilevile. Usiku mmoja wa baridi unatosha: supu iliyolala ikiwa bado inamiminika huamka inakatika kwa kisu. Kulazwa huko nako kuna adabu yake. Supu nzito hupoa taratibu mno, na sufuria kubwa iliyoachwa mezani itabaki na uvuguvugu katikati kwa saa nyingi, hali ambayo bakteria huipenda. Igawe kwenye vyombo vipana visivyo na kina, viweke ndani ya beseni la maji baridi, na baada ya hapo viende kwenye friji. Siku ya pili inapashwa kwa maji kidogo na moto mdogo, mwiko ukiwa kazini tangu mwanzo, mpaka ichemke.

Nchi nyingi za baridi zina supu ya aina hii, kwa kuwa njegere ni miongoni mwa mazao ya kwanza kabisa kulimwa Mashariki ya Kati, na ikikauka inavumilia safari na majira. Waswidi huila Alhamisi, kwa haradali, na chapati za maji zenye jemu baada yake. Watu wa Quebec hutumia njegere za njano nzima. Wajerumani walijaribu kuuondoa muda wenyewe: mwaka 1867 mpishi wa Berlin, Johann Heinrich Grüneberg, alibuni mchanganyiko wa unga wa njegere, mafuta na vitunguu uliofungwa umbo la soseji, ambao askari aliukata na kuuyeyusha katika maji ya moto. Jeshi la Prussia liliutumia katika vita vya 1870 na 1871, na kampuni ya Knorr iliuuza tangu 1889 hadi 2018. Ulishibisha watu wengi, na hilo si dogo. Lakini unga wa njegere ni njegere iliyosagwa kabla haijapata nafasi ya kujiachia yenyewe.

Uholanzi, snert inakwenda pamoja na barafu. Mifereji ikiganda, vibanda huwekwa kandokando kuuzia wanaoteleza kwa viatu vya chuma, na supu hii ni moja ya vinavyouzwa. Mashindano makubwa ya kuteleza ya jimbo la Friesland, Elfstedentocht, yenye urefu wa karibu kilomita 200 kupitia miji 11, huhitaji barafu yenye unene wa sentimita 15 njia nzima, na mara ya mwisho kufanyika ilikuwa tarehe 4 Januari 1997. Baridi ya namna hiyo imekuwa adimu. Supu haikuondoka nayo. Ikifika Novemba, sufuria zinatolewa, hata kama nje ni mvua tu.

Huliwa na mkate mweusi wa rai, mzito, uliookwa kwa moto mdogo kwa saa nyingi, juu yake kipande chembamba cha nyama ya nguruwe ya moshi kilichopakwa haradali. Haradali ina siki ndani, na hapa ndipo ule uchachu uliongojeshwa unapopata nafasi. Ng'ata mkate, fuatisha kijiko cha supu: uzito wa njegere unafunguka ghafla mdomoni.

Waislamu walioko Uholanzi huipika bila nguruwe, na hapo mpishi wa kwetu ana hazina ambayo hahitaji kuiagiza. Makongoro ya ng'ombe nayo yana gelatini nyingi. Yanachelewa kuiva, kwa hiyo yatangulie jikoni peke yake saa 2 au 3, povu lienguliwe, ndipo njegere zitiwe ndani ya mchuzi wake. Soseji ya ng'ombe iliyokaushwa kwa moshi inatosha mahali pa rookworst; isipopatikana, ongeza majani ya seleri na usitafute mbadala. Na kwa walioko Njombe au Limuru, ambako baridi ya Julai inastahili sufuria hii, kumbukeni kwamba kwenye mwinuko wa mita 2,000 maji huchemka kwenye nyuzi 93 hivi badala ya 100. Njegere zitataka nusu saa zaidi, na maji ya moto ya kuongeza yawe karibu.